Kadi ya Mdogo Mtu

Aliyenisimulia haya ni rafiki yangu, fundi cherehani, na mpaka leo akifika katikati ya kisa huishusha sauti. Dada yake alikuwa amehama, akamwomba amchukulie mashine ya gemu iliyobaki kwenye nyumba ya zamani.

"Iwashe kwanza uone kama ni nzima," alimwambia.

Ulikuwa mchana kweupe, lakini kwa yale mapazia mazito sebule ilikuwa giza. Akaiwasha. Ilikuwa gemu yao ya tangu usichana, ya mashujaa, majoka na vita vya kutupiana kadi. Shujaa wa dada yake alikuwa amesimama mbele ya lango jeusi. Chini yake zilipangwa kadi za upanga, ngao na moto. Ya mwisho ilikuwa na picha ya mwanamke aliyeinamia cherehani, na sura ilikuwa yake.

Akapiga simu. "Dada, hii kadi yenye sura yangu umeitoa wapi?"

Kisha akasikia kilio. "Lango halifunguki bila ndugu, mdogo wangu. Nisamehe."

"Ndiyo maana ukanituma mimi?"

Simu ikakatwa. Kadi ikajigeuza yenyewe, na lango likafunguka kwa mlio wa chuma kinachokwaruza jiwe. Rafiki yangu akachomoa waya ukutani huku machozi yakimtoka. Skrini ikazimika, giza likajaa. Alipoushika mlango, alisikia kioo cha televisheni kikigongwa kwa ndani, taratibu, na sauti yake yeye mwenyewe ikiita humo:

"Dada, nifungulie."