Kadi ya Kijani kwa Mama Mkwe

Wee, Jumatatu ya hospitali ya Korogwe usiichezee! Chumba cha dharura kilifurika: mgonjwa mmoja, wasindikizaji saba. Ndiyo maana zikaletwa kadi. Nyekundu, ingia sasa hivi. Njano, subiri kidogo. Kijani, nenda foleni ya kawaida. Aliyezigawa mlangoni ni nesi Grasiana, sare imemkaa, wanja kidogo machoni.

Kuinua macho, akamwona mchumba wake Ernesti kamshika mkono mama mwenye kitenge kipya.

"Mpenzi, mbona hukunipigia?"

"Simu imeisha chaji tangu basi lilipopita Mazingara. Mama, ndiye huyu sasa."

Maskini Grasiana! Utambulisho ulipangwa Jumapili ijayo, kwa heshima zote, siyo katikati ya harufu ya dawa. Akapiga goti. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Unasumbuliwa na nini?"

"Kichwa tu, mwanangu. Uchovu wa safari."

Mgonjwa mwingine yeyote, Grasiana angemfunga kipimo cha presha hapo hapo. Lakini kumpandisha mama mkwe mkono wa gauni mbele ya umati ule? Haya zikamshika. Akampa ya kijani.

Baada ya saa moja mama akaanguka kwenye foleni. Presha ilikuwa imempasua mshipa kichwani.

Jioni simu ikaita. "Umemtupa mama yangu kwenye benchi, Grasiana!"

"Erne, nisikilize..."

"Usiniite Erne!" Akakata. Siku tano Grasiana alipiga bila kupokelewa, akawa analia chooni na kurudi mlangoni kugawa kadi.

Siku ya sita Ernesti akabisha hodi chumbani kwake, mtaa wa Kilole, shati limekunjamana, macho mekundu.

"Nisamehe, kipenzi. Mama ameanza kuongea. Anasema kichwa kilikuwa kinapasuka, mkono umekufa ganzi tangu alfajiri. Akajikaza, eti atamwambiaje mkwe maradhi siku ya kwanza kuonana?"

Kunyamaza kungemrudishia mchumba wake. Grasiana alilijua hilo, na alimpenda mno.

"Alificha, kweli. Ila kazi yangu ni kupima, Ernesti, na sikumpima. Nilimwonea haya. Kosa ni langu."

Ernesti akaketi kitandani, akajifuta uso kwa kiganja.

"Hilo sijui kama nitalisahau," akasema mwishowe. "Lakini mama anakuulizia tangu asubuhi. Chukua kipimo chako, twende."