Spoku za Gurudumu la Mbele

Kila Jumamosi, nyumbani kwa Theodory pale Malangali, kazi zilikwenda kwa mpango uleule. Asubuhi zilifuliwa sare za shule, maharage yakabandikwa, ulezi ukapepetwa. Mchana Theodory, baba wa nyumba, alirudi kutoka kazini, wakala ugali, vyombo vikaoshwa. Hapo ndipo ilipofika saa waliyoingojea wiki nzima. Mkewe, Bertilla, alitandika mkeka jikoni karibu na moto, maana upepo wa Ufipa mwezi wa Juni hauna huruma na mtu. Viazi vilifukiwa kwenye majivu, nyuzi zikatolewa, watu wakaanza kufuma.

Mama alifuma, binti yake Kalista alifuma, na baba aliwasomea kwa sauti kitabu cha hadithi alichoazima kwenye darasa la watu wazima, ambako alifundisha jioni. Yustina, mdogo wake Kalista mwenye miaka mitano, kazi yake ilikuwa kushika donge la uzi na kusinzia kabla hadithi haijafika popote. Zilikuwa raha ndogo tu za watu wasio na mengi.

Lakini jambo moja lilimchosha mama mpaka kichwa kikamgonga: sindano.

Miaka ile sindano za kufumia hazikuonekana madukani. Duka la ushirika likiwa na sabuni halina chumvi, likiwa na chumvi halina sabuni, sembuse sindano! Kwa hiyo watu walijitengenezea kwa spoku za baiskeli zilizochakaa. Unakata mwisho uliopinda, unasugua ncha kwenye jiwe mpaka inakuwa laini, basi, una sindano. Mafundi walizitoa bure. Na Kalista, mwanafunzi wa darasa la sita, hodari wa hesabu, alikuwa hodari pia wa kuharibu sindano. Moja aliichomea mahindi ikapinda. Nyingine aliitumia kuchokoa panya kwenye tundu la ukuta, ikabaki humohumo.

"Haya, sindano ziko wapi leo?" mama aliuliza Jumamosi moja, mikono kiunoni.

"Zilikuwa hapa, mama."

"Zilikuwa! Kila siku zilikuwa! Yesu na Maria, mtoto huyu atanizeesha kabla ya bibi yake. Sweta la Yustina limebaki mikono tu, na baridi ndiyo hii. Nenda Mazwi sasa hivi kwa fundi Selemani, umwombe spoku kuukuu. Bila sindano hukai kwenye mkeka huu wala husikii hadithi."

Kalista alitoka akiburuta miguu. Mazwi ni mwendo, upepo ulikuwa ukipiga usoni, na hadithi ilikuwa imefika pazuri. Alipozunguka nyuma ya nyumba aliiona baiskeli ya baba imeegemea ukuta chini ya gunia. Baba aliitumia kwa safari za mbali tu. Kazini alikwenda kwa miguu.

Kalista akasimama. Gurudumu lile lilikuwa na spoku nyingi, zimesongamana kama mabua. Akajiambia, zikitoka mbili nani atajua? Akachukua koleo, akalegeza spoku moja ya gurudumu la mbele, akaivuta. Ya pili ikapinda alipokuwa akiikata, akaitupa kichakani na kutoa ya tatu, palepale kando ya zile za kwanza. Alipomaliza kusugua ncha kwenye jiwe alikaa kidogo nyuma ya nyumba ili ionekane kwamba amekwenda mbali, kisha akaingia huku akihema kwa makusudi.

"Haa! Zinang'aa hizi," alisema mama. "Selemani kakupa nzuri namna hii?"

"Ndiyo, mama. Anakusalimu."

"Mungu ambariki mzee wa watu. Jumatatu utampelekea karanga za kukaanga."

Uwongo ukishaanza haukai peke yake, unadai mwenzake. Jumatatu Kalista alipewa karanga zimefungwa kwenye kitambaa. Angezipeleka vipi? Angesema ni shukrani ya kitu gani? Alijificha nyuma ya ua wa michongoma, akazila zote, akarudi na kitambaa kitupu. Zilikuwa karanga nzuri, lakini hakusikia ladha yake.

Wiki nzima alifuma kuliko siku zote. Jumamosi iliyofuata sweta lilikamilika, jekundu, lenye mikono mirefu. Yustina alilivaa akacheza jikoni kote, na baba akaweka kitabu chini akacheka.

"Limekuja wakati wake, Kalista," alisema. "Nimepata ruhusa ya siku mbili kazini. Kesho alfajiri nashuka Milepa kumwona bibi yenu, na Yustina ananisindikiza. Kule bondeni kuna joto, lakini huku juu asubuhi atalihitaji sweta."

Kitanzi cha soksi aliyokuwa ameianza kilimtoka Kalista sindanoni. "Mtakwenda na nini, baba?"

"Na baiskeli. Ulifikiri na ndege?"

Kalista aliijua njia ya Milepa. Unatembea juu ya uwanda, kisha ardhi inakatika, na barabara inashuka kwenda bonde la Rukwa kwa kona na mawe, korongo liko upande mmoja. Na Yustina alizoea kupanda mbele, kwenye bomba la baiskeli, juu ya gurudumu lile.

"Si mpande lori, baba?"

"Lori lipi, mwanangu? Labda unalo wewe."

"Lakini Yustina anakohoa."

"Sikohoi!" alipiga kelele Yustina.

"Hajakohoa tangu Pasaka," alisema mama. "Wewe una nini leo? Hebu shika kitabu umsaidie baba yako kusoma, labda akili itarudi."

Kalista akasoma. Akasoma mstari mmoja, akaurudia, akaurudia tena.

"Tumeshasikia!" alisema mama. "Huyo mtu ameshafungua mlango mara tatu, mwache sasa aingie ndani!"

Baba alicheka akainuka kwenda kuitazama baiskeli. Kalista akaruka kama aliyechomwa. "Nitaifuta mimi, baba! Na upepo nitajaza mimi."

Baba alimtazama kwa furaha. "Umekua, mwanangu," alisema, akakaa tena.

Neno lile lilimwingia kuliko fimbo. Alikwenda nyuma ya nyumba, akajaza upepo na kuizungusha ringi. Ilicheza kushoto na kulia. Akazitoa sindano zake na kujaribu kuzirudisha, lakini zilikuwa zimekatwa, hazifiki hata kidogo. Ungemhurumia. Lakini kwa nini hakusema? Hapo watoto wengi hukosea. Wanaogopa kugombezwa leo, wanasahau kwamba kesho inaweza kuwa na kitu kibaya kuliko kugombezwa.

Alfajiri ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni. Mama alifunga viazi na maharage makavu kwenye keria. Baba akashika usukani, akamnyanyua Yustina na sweta lake jekundu, akamkalisha kwenye bomba.

"Kwaheri dada!" alisema Yustina. "Nitakuletea mchele!"

Baba akaweka mguu kwenye pedali.

"Baba, usipande!" Kalista alikuwa ameishika ringi kwa mikono miwili. "Spoku nimezitoa. Zile sindano ni spoku za hapa. Fundi Selemani sikwenda kwake. Usipande, baba!"

Baba alimshusha Yustina taratibu, akainama, akapitisha vidole kwenye pengo la spoku tatu. Akalizungusha gurudumu, akalitazama likiyumba. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Pale kwenye kona ya pili," alisema kwa sauti ya chini, "huwa siwezi kusimama hata nikifunga breki zote."

Mama ndiye aliyelipuka.

"Kalista! Mungu wangu, Kalista! Wiki nzima! Wiki nzima unakula, unalala, unaniambia 'anakusalimu'! Na jana unasema Yustina anakohoa! Ulishindwa nini kusema 'mama, nimetoa spoku'? Maneno matatu! Ningekupiga kelele, ndiyo, ningepiga mpaka jirani wasikie, halafu ningenyamaza. Nimewahi kukosa kunyamaza?" Halafu akamvuta Yustina, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa.

Baada ya misa waliikokota baiskeli mpaka Mazwi, Kalista akishika usukani. Fundi Selemani alikuwa ameketi mbele ya banda lake.

"Shikamoo mzee," alisema Kalista bila kuinua macho.

"Marahaba, binti." Selemani aliposikia habari yote alitikisa kichwa. "Wenzako huniletea gurudumu likishavunjika. Wewe unalivunja mwenyewe kabla ya safari! Tazama pale." Alionyesha debe kuukuu lililojaa spoku zenye kutu. "Ungeniomba tu, ningekupa za mtaa mzima."

"Samahani sana, mzee wangu," alisema mama. "Nami nilikutumia shukrani ya spoku ambazo hukutoa! Zile karanga ziliiva vizuri?"

"Karanga zipi, mama?"

Mama akageuka taratibu akamtazama binti yake.

"Nilizila," alisema Kalista.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Kuna jingine? Sema sasa, maana miguu imeniishia. Kuna jingine?"

"Hakuna, mama. Basi."

Selemani alicheka mpaka akashika mbavu, lakini mama hakucheka. Kutwa nzima Kalista alibaki bandani akichambua debe lile, nzima upande huu, zilizopinda upande ule, mpaka vidole vikawa vyekundu kwa kutu. Fundi alipata tatu zinazofaa, akazifunga na kuinyoosha ringi. Safari ya Milepa ikasogezwa mpaka baba apate ruhusa tena.

Ruhusa ilipopatikana, baba na Yustina walishuka Milepa, na Jumamosi hiyo walitarajiwa kurudi. Jikoni mama na Kalista walikuwa wawili tu kwenye mkeka. Kalista alikuwa na sindano za kutu, za halali, na kila aliposikia kengele ya baiskeli barabarani aliinua kichwa.

"Nawe sasa umejua kungoja kulivyo," alisema mama. Hasira ilikuwa imemtoka, umebaki uchovu. "Nisikilize, Kalista. Uvivu ulikuzuia kwenda Mazwi, hilo ni kosa, tumelimaliza. Utaharibu vitu bado, wewe ni mtoto, na mimi nitapiga kelele bado, mimi ni mama yako. Lakini ukiharibu, sema kabla mtu hajapanda."

Kengele ikalia nje, mara mbili, kama alivyozoea kuipiga baba. Kalista aliziweka sindano mahali pake, juu ya rafu, kisha akakimbia mlangoni.