Mchanga Kutoka Viatu vya Bura

Siku ya mnada Katesh hufurika watu, na dukani kwa mzee Abdulswamad, kati ya mabati, misumari na rangi, hapakuwa na pa kukanyaga. Safina, bintiye, mtandio wa bluu umemteleza begani, alikuwa anapima nyaya aliposikia sauti nzito nyuma ya wateja.

“Dada, una rangi ya vumbi?”

Watu wakacheka. Safina akainua macho: kijana mrefu, koti la kijeshi limepauka, viatu vinang'aa.

“Kaka, hapa Katesh vumbi tunagawa bure. Toka nje uchote.”

“Nataka la Darfur.”

Jina lake Gerald Gidabuday, askari aliyekuwa ametoka kulinda amani Sudani. Alikuwa anaunda vigari vya deraya vya plastiki, kila kimoja ukubwa wa kiganja, na kuvipanga kwenye ubao aliougeuza jangwa. Safina akamchanganyia njano, nyeupe na tone la kahawia mpaka akatabasamu. Mapenzi hayabishi hodi.

Akawa anakuja kibarazani kila siku. Akamfundisha Safina kuchovya kipande cha godoro kwenye rangi nyeusi na kudonoa kingo, ili gari lionekane limebanduka rangi, na kupitisha rangi ya kahawia iliyozimuliwa kwa thina chini ya boliti, ionekane kutu.

“Unalipaka likapendeza, halafu unalichakaza,” Safina alimtania. “Na mke utamfanya hivyo hivyo?”

“Mke ndiye atakayening'arisha mimi.”

Jangwa lile lilikuwa la mama mmoja wa kijiji cha Maretadu. Mwanawe, Bura, rafiki wa Gerald, aliuawa kule akiwa kwenye gari la mbele, na jeneza lililetwa limefungwa. Mama alimwomba Gerald jambo moja: amwonyeshe mahali mwanawe alipofia.

“Nikimaliza tu, mpenzi, nasilimu, namleta mjomba wangu kwa mzee.”

Mzee Abdulswamad naye alishasema wazi. Kulikuwa na posa kutoka Singida, na angeishikilia mpaka Idi, si zaidi. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Kila Safina alipouliza, Gerald alijibu kwamba vumbi bado halijakolea.

Zilibaki wiki tatu kufika Idi Gerald alipouleta ubao dukani, ili kesho yake apande nao basi la Maretadu. Asubuhi Safina akafungua duka na, kama kila asubuhi ya maisha yake, akashika kitambaa kibichi. Upepo wa mlima Hanang hauachi kitu bila vumbi, na bidhaa yenye vumbi hainunuliwi. Akafuta rafu, akafuta makopo, akaona vumbi jipya juu ya gari la mbele, juu ya ile rangi waliyoipaka pamoja. Akadhani ni la upepo, akalifuta pia.

Gerald alipofika hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

“Ule ulikuwa mchanga wa viatuni mwa Bura,” alisema. “Nilivikung'uta nikautunza. Jana ndiyo nimeunyunyiza.”

“Gerald, sikujua! Nisamehe, mpenzi…”

Akabeba ubao akaondoka.

Safina alipiga simu siku baada ya siku, haikupokelewa. Siku moja kabla ya Idi baba yake akamwita.

“Yule kijana anakuja au haji?”

Uchungu ulikuwa umeshageuka hasira, na hasira hasara. “Haji, baba.”

Idi pili, mahari ya Singida ikapokelewa. Kesho yake simu ikalia.

“Safina.”

“Abee.”

“Nimeshindwa kumwendea mama Bura peke yangu. Nisindikize, tafadhali.”

Hapo ndipo angemwambia. Akasema tu, “Nitakuja.”

Mama Bura walimkuta anapepeta maharage.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, wanangu.”

Gerald akauweka ubao kwenye kigoda. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Aliinama juu ya magari yale ya vumbi na kutu, akatikisa kichwa. Akafika la mbele, lile safi, akagusa dirisha kwa ncha ya kidole.

“Hapa ndipo alipokaa?”

“Hapo hapo, mama.”

“Nakiona kiti chake. Hayo mengine sioni kitu, lakini hiki nakiona.”

Akalia, kilio kilichokuwa kimemkwama tangu siku ya jeneza. Gerald akapiga magoti akalia naye. Safina pia alilia, ila yeye alikuwa na lake.

Wakingoja gari la kurudi, Gerald akamshika mkono.

“Nimekukosea. Vumbi lilikuwa kisingizio, Safina. Niliogopa siku ya kumtazama mama yule usoni. Sasa imepita. Ijumaa nasilimu, Jumamosi mjomba yuko kwenu. Nataka unioe… mimi nikuoe, nachanganyikiwa hata!”

Alikuwa anacheka huku machozi hayajakauka. Safina alimwacha amalize, kwa sababu maneno hayo aliyangoja sana na alitaka kuyasikia yote.

“Usimlete mjomba,” alisema. “Mahari ya Singida imeshapokelewa. Baba aliniuliza kama unakuja, nikamjibu huji.”

Gari likaonekana kwa mbali, Gerald asigeuke kulitazama.

“Ulijua hayo, na bado ukaja leo?”

“Uliniita, Gerald,” akajibu, na akauchomoa mkono wake taratibu.