Kamene na Mizani ya Vyuma

Sogeeni, wazazi, na nyinyi vijana wekeni simu chini kidogo. Kulikuwa na nyumba moja Kianda, hapa Kibera, iliyojaa furaha mpaka majirani wakaionea wivu. Baba alikuwa Mutinda, fundi wa kuchomelea mageti. Mama alikuwa Kalondu, mpishi wa muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Jumapili wakitoka kanisani walikaa mlangoni, sufuria katikati, na binti yao Kamene ndiye aliyekwangua ukoko huku akiwachekesha.

Kamene alikuwa mchezaji wa karate. Alifundishwa Kawangware, katika ukumbi wa kanisa, na mwanamke Mjapani aliyeitwa Mizuho. Huyo alikuwa ameshindana kwao na ng'ambo tangu utotoni, akavaa medali nyingi, kisha akaja kuishi huku. Watoto walimwita Sensei, yaani mwalimu. Kiswahili alijifunzia sokoni, na kwa kubishania bei ya sukuma wiki aliwashinda wenyeji.

Kalondu alipenda kumtazama binti yake mazoezini. Ngumi yake ilifika puani pa mwenzake ikasimama papo hapo, kama mgeni aliyekumbuka adabu mlangoni. Kalondu aliamini, bila shaka hata kidogo, kwamba mtoto huyu atafika mbali.

Basi yakatangazwa mashindano ya kuchagua timu ya kwenda Japani. Katika karate wasichana hupangwa kwa uzito. Kamene alikuwa wa kundi la kilo hamsini na tano, lakini bingwa wa kundi hilo alikuwa askari mmoja wa kike, hodari. Mutinda akaona njia ya mkato.

"Ashuke kundi la hamsini," akasema. "Huko ni watoto watupu. Atawapangusa kama vumbi."

"Umemuuliza Sensei?"

"Sensei atajua siku hiyo. Mama Kamene, kwani huyu mtoto ni wa nani?"

Akaenda mwenyewe kwa waandalizi, akabadilisha kundi. Kuanzia hapo Kamene aliishi kwa chai ya rangi na kipande cha chapati. Sensei alipomuuliza mbona anakonda, alijibu, "Ni mitihani tu, Sensei," kwa sababu baba alimwambia aseme hivyo.

Nyumbani hakukuwa na mizani. Kwa hivyo kila jioni Mutinda alimpeleka Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, kwa Obonyo, mnunuzi wa vyuma chakavu, akampandisha juu ya ile mizani ya kupimia mabati na betri kuukuu.

"Mutinda, leo unaniuzia nini?" Obonyo akamtania. "Chuma ama msichana? Huyu sinunui, amebaki mifupa."

Watu wakacheka. Mutinda naye akacheka. Kalondu, aliyewasindikiza jioni hiyo, hakucheka, lakini alinyamaza, na hapo ndipo alipokosea. Alijiambia kwamba mwanamume anajua mambo ya nje. Wangapi kati yetu tumenyamaza hivyo hivyo?

Mizani ya Obonyo ilisema hamsini kamili. Asubuhi ya mashindano, mizani ya ukumbini ikasema hamsini na tatu.

"Yenu ni mbovu!" Mutinda akafoka.

Kalondu akamvuta pembeni. "Baba Kamene, si wewe hulia kila siku eti Obonyo amechezea mizani, chuma chako kinapungua ukimpelekea? Wakikuibia chuma unapiga kelele. Mtoto je?"

 Mutinda alijua zamani kwamba mizani ile inaiba. Ila ilipomwambia alichotaka kusikia, akaisadiki.

Waandalizi walimpa Mutinda muda kidogo kabla Kamene hajapimwa tena. Akamvisha Kamene jaketi juu ya jaketi, akamfunga nailoni, akamwambia akimbie kuzunguka uwanja bila tone la maji, ati jasho litoe zile kilo tatu. Jua lilikuwa kali. Midomo ikapasuka, jasho likakauka.

"Mum, sioni," Kamene akasema, akaanguka kifudifudi.

Kwa mayowe ya Kalondu, Sensei, aliyekuwa akiwaandaa wanafunzi wengine, alitoka ukumbini mbio. Akairarua nailoni kwa mikono, akamburuta hadi kivulini, akaomba maji na daktari.

"Usimpe maji!" Mutinda akapiga kelele. "Ataongeza uzito!"

Sensei, mwanamke mfupi asiyemfikia begani, akasimama mbele yake.

"Mzee, rudi nyuma. Nikiwa rika lake, kocha wangu aliniambia nishuke kundi. Sili, sinywi. Nikashinda, picha yangu ikatoka gazetini. Tukarudia, tukarudia tena. Fainali kubwa kuliko zote sikucheza. Niliamkia hospitali, figo moja imekufa, na karate ya mashindano ikaniishia hapo, bado msichana. Siku hiyo hakuna mtu aliyemwambia kocha wangu arudi nyuma. Mimi nakuambia wewe."

Mutinda akarudi nyuma. Kalondu ndiye aliyeshika chupa, akamnywesha mtoto wake kidogo kidogo, na safari hii hakumwangalia mumewe kuomba ruhusa.

Hospitalini daktari alisema figo zimeponea chupuchupu. Mutinda alikaa kando ya kitanda, mikono ya fundi imelegea mapajani.

"Nilitaka uende Japani, mama," akasema.

"Nitaenda, Dad. Lakini nitaenda nikiwa mzima."

Akapona, akala, akarudi katika kundi lake na kumkabili yule askari katika mashindano mengine. Kamene alishindwa kwa pointi moja. Askari akamshika bega: "Wewe dogo, mwaka ujao nitakukimbia." Mwaka uliofuata Kamene alimshinda waziwazi, na jina lake likasomwa katika timu ya kwenda Japani.

FUNZO

Wazazi, mwili wa mtoto hukupewa uupunguze na kuuongeza ili wewe upate sifa. Kipaji chake kilishe, kisha kisubiri. Na ukijikuta unaamini jambo kwa kuwa tu limekupa jibu ulilolipenda, simama uulize tena. Mama uliyeona na kunyamaza, sema leo, hata kama sauti inatetemeka. Nanyi vijana, mtu mzima akikuambia umfiche mwalimu wako ukweli, huo ukweli ndio wa kumwambia kwanza. Medali hutafutwa upya. Figo haitafutwi.