Pumzi za Kobe

Mpwa wangu tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui likizo. Lakini lipo jambo alilolinyamazia mwezi mzima, na hata leo akilisimulia huinamisha uso.

Darasa lao la muziki, kidato cha nne, lilikuwa na wanafunzi tisa tu. Dawati moja aliketi na msichana waliyembatiza Kobe, mgonjwa wa pumu, ambaye hata ngazi alizipanda kwa vituo. Ila akishika filimbi, jamani! Mwalimu aliacha kusahihisha madaftari. Kwa vile pumzi zilimwishia upesi, Kobe alichora vimkato vya penseli juu ya noti, vya kumkumbusha pa kupumua.

Wivu ni ugonjwa. Asubuhi ya jaribio la vitendo, Chiriku aliichukua filimbi ya Kobe akaificha kwenye begi lake mwenyewe. Kobe aliitafuta mpaka akalia.

"Chiriku, hujaiona?"

"Niione wapi mimi?"

Kobe akapewa sifuri mbele ya wote. Wiki mbili baadaye pumu ikambana, akafa. Msibani Chiriku alimpa mama Kobe mkono huku akitazama viatu.

Siku za mwizi arobaini, wanasema. Za Chiriku hazikufika hata hizo. Siku ya mtihani wa mwisho filimbi yake ilikuwa imepata ufa, akaichukua ile ya Kobe. Ilikuwa saa sita mchana, jua kali, na mtahini mgeni alikaa mbele yake. Karatasi ya noti ilikuwa safi, aliikagua mwenyewe.

Akaanza kupiga. Noti ya nne, pumzi ikakata. Akavuta. Akaendelea. Ikakata tena. Kifua kikabana. Kikaanza kukoroma. Alivuta kwa nguvu zote. Haikuingia.

"Binti, una pumu?" mtahini alinong'ona.

"Sina, mwalimu."

"Mbona umejiwekea vituo vingi hivi?"

Chiriku akatazama karatasi. Vimkato vya penseli, mstari kwa mstari.

Nyumbani aliiosha filimbi bombani, akaikausha, akaifunga kwenye kitambaa na kuitupa mvunguni. Siku nne hakula vizuri. Ya tano akaibeba, akaenda kwa mama Kobe, akamkuta kwenye cherehani, akapiga magoti na kusema yote.

Mama aliacha kushona. "Mwanangu aliniambia. Alikuona ukiichukua; alijifanya anaitafuta ili uirudishe mwenyewe. Alisema umeazima tu, utarudisha, nisithubutu kukuita mwizi."

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Matusi angeyavumilia.

Mama akafungua kitambaa. Kilikuwa kimelowa. Akaifuta filimbi kwa kipande cha nguo. Ikalowa. Akaifuta tena.

"Umeipiga saa ngapi?"

"Sijaigusa tangu mtihani, mama. Siku ya tano leo."

Mama aliweka kidole kwenye mdomo wa filimbi, akakiondoa haraka.

"Mbona mate bado ya moto?"