Usiulize Jani, Uliza Mbegu

Shangazi yangu alifanya kazi kwenye kitalu cha miche miaka thelathini, na kwa habari ya miti hakuwa na mpinzani. Ukimwonyesha mche uliojiotea nyuma ya nyumba, hakukisia. Aliufukua taratibu kwa kijiko cha chai mpaka aione kokwa iliyong'ang'ania mzizi. "Majani machanga ni waongo," alizoea kusema. "Usiulize jani, uliza mbegu." Kisha aliurudishia udongo kama anayemfunika mtoto.

Miezi miwili baada ya kumzika mumewe, alinipigia simu. Bustanini kulikuwa na miche asiyoijua. Nilimtania kwamba kweli mganga hajigangi. Nikasema nimebanwa na kazi, nitakuja. Nilikwenda baada ya wiki tatu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka. Miche sita ilisimama kwenye mstari mmoja, kutoka kwenye uzio hadi karibu na mlango wa jikoni. Kila mmoja ulikuwa na majani mawili ya kijivu. Shangazi alikuwa amekonda.

"Umeifukua?" nikamuuliza.

Alinipa kijiko.

Nilipiga magoti kwenye mche wa kwanza, nikaondoa udongo. Mzizi ulikuwa umechomoza kwenye kifungo cha shati. Cheupe, chenye matundu manne. Kilikuwa na uzi mwekundu.

Uzi ule niliujua. Asubuhi ya mazishi shangazi alikaza vifungo vya shati la kumzikia mumewe, na uzi mweupe ulikuwa umekwisha. Nilikaa karibu yake nikimpitishia sindano. Vifungo vilikuwa saba.

"Kila wiki unaota mmoja," alinong'ona. "Na kila mmoja uko karibu zaidi na mlango."

Nilimsihi tuondoke wote, akae kwangu. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

"Wewe nilikuita, mwanangu, hukuja. Yeye sikumwita, anakuja. Kimebaki kimoja."

Niliondoka peke yangu. Nikajiambia Jumamosi nitarudi na gari la mizigo, nimchukue atake asitake.

Jumamosi mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Niliuvunja nikisaidiwa na jirani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vyake vilikuwa uvunguni. Shangazi hakuwepo. Kwenye ufa wa sakafu, kando ya kitanda, ilikuwa imeota miche miwili. Ilikuwa imesukana.

Nilifukua kwa kucha. Mmoja, kifungo cheupe, uzi mwekundu. Wa pili, kifungo cha bluu cha gauni lake.

Jirani alitoka nje. Mimi nikairudishia udongo.

Shangazi hajapatikana. Shati nililovaa siku ile limepungukiwa kifungo, na nimekitafuta nyumba nzima. Wiki iliyopita, nikifagia ngazi za nyumba yangu, nilikuta kitu kwenye ufa. Kina majani mawili ya kijivu. Kijiko ninacho, lakini sijafukua.

Naishi peke yangu. Simu yangu hailii siku hizi. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nakimwagilia maji.