Jiwe Lililoishia Njiani

Mzee Orest Hnatiuk alikuwa amelala chali kwenye njia ya tatu ya barafu, macho wazi, kama mtu anayekagua taa za dari. Jiwe la mchezo lilikuwa karibu na kichwa chake, mpini wake mwekundu umemwelekea. Damu haikuwa nyingi.

Inspekta Yvette Desjarlais alichuchumaa kando yake. Alimfahamu marehemu. Nani asiyemfahamu katika mji huu wa Saskatchewan, ambako baridi ikishika watu hawana pa kwenda ila kanisani au hapa klabuni, kucheza kaling, kutelezesha mawe mazito ya mviringo juu ya barafu hadi kwenye shabaha, mpaka masika? Orest alikuwa fundi wa barafu wa klabu tangu Desjarlais akichezea timu ya shule. Leo ilikuwa fainali ya wanawake, na nahodha wa timu ya nyumbani alikuwa Darka, binti wa marehemu.

"Kisogo kimepasuka," alisema Daktari Pruden, daktari wa polisi. "Ameanguka chali kwa uzito wake wote. Mengine tusubiri uchunguzi wa maiti."

"Jiwe limemgonga?"

"Miguuni sijaona hata mchubuko."

Aliyepiga simu alikuwa Wendell Klassen, mume wa Darka, pande la mtu lenye pua iliyovunjwa na hoki ya barafuni zaidi ya mara moja. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kikombe cha kahawa mkononi.

"Nieleze," alisema Desjarlais.

"Nilikuja mapema kumsaidia mzee. Nikasema ngoja nijaribu jiwe moja. Yeye alikuwa kule mwisho, ameinama, anafagia duara la shabaha. Nikalisukuma kutoka huku. Likamfikia, akaruka kulikwepa, akateleza. Basi. Ni ajali, afande, lakini kosa ni langu."

"Ulilisukuma kwa nguvu?"

"Wala! Kidogo tu. Barafu yenyewe ilikuwa laini kama kioo."

Desjarlais aliacha kuandika.

Alivua glavu, akapitisha kiganja juu ya njia ya tatu. Kweli, laini. Akagusa ya nne. Laini vilevile, imekwanguliwa tu na mashine. Akaenda njia ya pili na ya kwanza. Huko vidole vilipita juu ya vipele vidogo vidogo vya barafu, kama ngozi iliyosisimka.

"Wendell, wewe umewahi kucheza kaling?"

"Mimi ni mtu wa hoki, afande. Mzee alikuwa ananicheka kila Jumapili. Anasema sisi tunakimbizana kama kuku, wao wanafikiri."

"Njoo njia ya nne. Nisukumie jiwe kama lile la asubuhi."

"Sasa hivi? Mzee wa watu amelala pale!"

"Ndiyo maana nakuomba."

Wendell aliinama, akasukuma. Jiwe lilikwaruza, likapunguza mwendo, likasimama kabla ya kufika hata nusu ya njia. Alilitazama kama limemtukana.

"Tena. Safari hii usilionee huruma."

Alisukuma kwa mabega yote mawili. Jiwe lilivuka nusu, likafa.

Desjarlais alichukua jiwe jingine, akaenda njia ya pili, akalisindikiza kwa mkono mmoja tu, bila haraka. Likaenda. Likaenda likinguruma taratibu, likapita katikati, likaingia kwenye duara kule mwisho, likatulia.

Wendell alilifuata kwa macho hadi mwisho.

"Viatu vya hoki vina chuma," alisema Desjarlais, bila ukali. "Kwenu barafu ikiwa laini ndiyo mteremko. Jiwe letu halina chuma. Tumbo lake limebonyea, linakalia pete nyembamba tu. Kwenye vipele, pete hiyo inagusa vichwa vya vipele peke yake, msuguano unakuwa mdogo, jiwe linakwenda. Ukiondoa vipele, pete nzima inalala juu ya barafu na barafu inaing'ang'ania. Jiwe hili halikusukumwa kumfikia mzee. Limebebwa, likawekwa."

"Mimi nimesema ni kosa langu. Si inatosha?"

"Ingetosha kama ingekuwa kweli."

Ilimuuma kumwona jitu zima linalia bila sauti, akamwacha, akaenda chumba cha vifaa. Huko alikuta tangi la maji la kubeba mgongoni, mfano wa lile la kunyunyizia dawa shambani. Ndilo linalomwagia barafu matone ya maji moto yakaganda kuwa vipele. Maji yalikuwa bado vuguvugu. Njia mbili zilikuwa tayari, kazi ikakatizwa kabla ya kuanza ya tatu. Na mikanda ya tangi ilikuwa imefupishwa hadi tundu la mwisho. Orest alikuwa mrefu kama mlango. Tangi hili lilikuwa limebebwa na mtu mfupi.

Tena kulikuwa na kiatu. Mguu wa kushoto wa marehemu ulikuwa na soli ya plastiki ya kutelezea, kiatu cha mchezaji anayetaka kusukuma jiwe. Hakuna fundi wa barafu, mwenye akili timamu, anayefanya kazi na kiatu hicho. Mwenye akili timamu. Desjarlais aliyarudia maneno hayo, akaenda kumtafuta Darka.

Darka alikuwa jikoni mwa klabu na wenzake. Pirogi, maandazi ya kujazwa viazi, zilikuwa zinaungua kwenye kikaango na hakuna aliyejali. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho mekundu.

"Twende barafuni kidogo," alisema Desjarlais. Walipofika alimwonya kama sheria inavyotaka: ana haki ya kunyamaza, ana haki ya wakili.

"Darka, usiseme kitu!" Wendell alipiga kelele kutoka kwenye benchi.

"Nimechoka kutosema, Wendell." Alimgeukia inspekta. "Umeona mikanda."

"Nimeona."

"Baba, Tato wangu, alikuwa anasahau. Tangu vuli. Anakwangua barafu, halafu anasahau kunyunyiza, anakwenda kunywa chai. Nikawa nakuja kabla ya watu, namalizia kazi yake. Akirudi anakuta vipele vizuri, anajipiga kifua: 'Ona mikono ya baba yako!' Nami namwambia, kama wewe hakuna."

"Kwa nini hukumweleza mtu?"

"Wangemnyang'anya funguo. Wangemhurumia! Wewe unamjua. Angekufa kwa kuhurumiwa."

"Na leo?"

"Leo alinikuta na tangi. Kavaa kiatu cha mchezo, anasema ana fainali. Akadhani mimi ni mhuni, nimetumwa na timu ngeni kumharibia barafu. Akanikaba kwa mikanda. Nikamwambia, Tato, ni mimi, Darka. Akasema Darka wake ni mtoto wa shule, amelala nyumbani, nimwachie jina lake." Alifuta pua kwa mkono wa koti. "Baridi nzima, afande. Baridi nzima naamka kwa ajili yake, halafu ananiita mhuni. Nikamsukuma. Usiandike kwamba aliteleza. Nilimsukuma kwa hasira, mikono miwili. Kile kiatu kikafanya kilichobaki."

"Wendell?"

"Nilimpigia simu. Akaja mbio, akapiga simu kuomba daktari, halafu akachukua jiwe. Mimi nilikuwa nimeduwaa tu."

"Mimi ni mtu wa kuja hapa," alisema Wendell kwa sauti nzito. "Mji ukinisema, na useme. Lakini watu wasiseme Darka kamuua babake. Wala wasijue mzee alikuwa amepotewa na akili. Wote wawili wangebaki na heshima yao."

Desjarlais alikuwa na swali moja tu, na hakutaka kuliuliza.

"Alifariki papo hapo?"

Darka alitikisa kichwa. "Nilipiga magoti nikamshika. Machozi yakawa yanamwagika. Akanitazama, macho yake mwenyewe, yale ya zamani. Akasema, 'Darka, usilie hapa. Chumvi inaharibu barafu.'"

Darka alisimama wima, meno yameumana, uso umekauka, anajizuia kwa nguvu zake zote.

Shitaka lingekuwa kuua bila kukusudia, na hilo Desjarlais hakuwa na uwezo wa kulibadili. Aliacha pingu kiunoni. Alimshika Darka mkono, akamwongoza hatua kwa hatua hadi nje ya barafu, miguu yao ikakanyaga zulia.

"Haya," alimwambia. "Hapa unaweza."